Redio za dharura Lubumbashi: VHF, UHF, foni au satelaiti, na leseni yake

Umeme wa SNEL ukikatika, simu hazizimi papo hapo. Mnara una batri, mingine ina jenereta, na kwa saa kadhaa watu wanapigiana kama kawaida. Halafu mafuta yanakwisha, au waya wa faiba unang'olewa na tingatinga la barabara, na dereva wa ambulansi aliyeko Kipushi hana wa kumwuliza ampeleke mgonjwa wapi. Kuna siku umeme upo na mtandao haupo: kuanzia 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti na SMS zilifungwa nchi nzima kwa karibu majuma matatu. Redio ya mawasiliano haipiti kwenye mnara wa mtu mwingine, ndiyo maana hospitali, migodi, parokia na mashirika yanaitafuta. Shida ni kwamba wengi wananunua kwanza, halafu ndipo wanauliza itafika wapi na nani atatoa ruhusa. VHF na UHF ni mafungu mawili ya masafa ya redio za karibu; foni ni redio ya HF, ya mbali. Ulinganisho huu unaanza na umbali, unapita kwenye umeme na karatasi, na chombo chenyewe kinachaguliwa baada ya hayo.

Mfano utakaotumika ni kliniki iliyoko Kampemba, yenye ambulansi mbili, kituo cha afya Kipushi na ghala la dawa Kolwezi. Badilisha majina uweke ya kwako.

Umbali hauko kwenye boksi

Kilomita zinazoandikwa kwenye boksi la tokiwoki zilipimwa mlimani au juu ya maji. Mawimbi ya VHF na UHF yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni duara, kwa hiyo kinachoamua ni kimo cha antena. Hesabu ni fupi: chukua kimo cha antena ya kwanza kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, fanya hivyo kwa antena ya upande wa pili, jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita, mahali pa wazi pasipo kizuizi.

Watu wawili wenye redio mkononi, antena ikiwa mita 1.5 kutoka chini, wanapata kilomita 10 kwenye uwanda mtupu. Lakini Lubumbashi si uwanda mtupu. Kuta za matofali, mabati na miembe hula mawimbi, na katikati ya mji tegemea kilomita 1 hadi 3. Weka antena ya kituo juu ya mlingoti wa mita 15, na mwenye redio ya mkononi anasikika hadi kilomita 21 kwa hesabu. Milingoti miwili ya mita 20 inafikishana karibu kilomita 37. Kipushi iko chini kidogo ya kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kliniki yetu inaweza kuongea na Kipushi moja kwa moja bila chombo cha katikati, mradi kila upande una mlingoti wa mita 20 na antena haikufungwa nyuma ya tangi la maji.

Likasi ni jambo jingine. Kutoka hapa ni kama kilomita 110 kwa mstari ulionyooka, na ukifanya hesabu ile ile unaona kwamba kila upande ungehitaji mlingoti wa karibu mita 180. Kolwezi, kilomita 240 hivi, usiiwazie kabisa kwa VHF ya moja kwa moja. Mtu anayekuuzia redio ya VHF ya wati 50 akidai itafika Kolwezi anakupotezea pesa. Kutoka wati 5 hadi 10 mabadiliko ni madogo hata sikio halitambui; kutoka mita 1.5 hadi mita 15 mtandao mzima unabadilika.

| Aina | Inakofika Lubumbashi | Umeme wake | Inakofeli |
|---|---|---|---|
| VHF ya mkononi, wati 5 | km 1–3 mjini. Zaidi ukiongea na kituo chenye mlingoti | Batri yake, siku moja ya kazi | Ndani ya gari na majengo ya zege |
| VHF ya gari au kituo, wati 25 | km 20–35 kulingana na kimo | Batri ya 12 V | Kebo mbovu, radi, batri iliyochoka |
| UHF ya mkononi, wati 4 | Ndani ya jengo au kiwanja kimoja, vizuri | Batri yake | Miti na umbali |
| Foni (HF), wati 100–125 | Kipushi, Kolwezi, Kasenga, Kilwa na zaidi | Batri kubwa ya 12 V | Kelele za umeme, masafa yasiyofaa saa hiyo |
| Simu ya satelaiti | Popote penye anga wazi | Batri yake | Ndani ya nyumba. Malipo ya muda wa kuongea |
| "Redio" yenye laini ya simu | Panapofika mtandao wa simu tu | Batri yake | Inakufa pamoja na mnara |

VHF na UHF

VHF ya kazi iko kati ya 136 na 174 MHz. UHF kwa kawaida kati ya 400 na 470 MHz. Kwa mji tambarare wenye miti kama huu, na barabara zinazotoka kwenda Kipushi au Kasumbalesa, VHF inashinda: inapenya majani vizuri zaidi na inapoteza kidogo kwenye kebo. UHF ina ubora wake mahali pengine. Mawimbi yake mafupi yanapita kwenye madirisha, milango na korido za zege ambako VHF inakwama, na antena yake ni fupi, haimchomi muuguzi kiunoni. Hospitali yenye ghorofa, ghala kubwa, shule yenye ukuta: chukua UHF. Ambulansi na vituo vya pembezoni: chukua VHF. Kununua nusu VHF na nusu UHF ili "kuwa na zote" ni kosa baya, kwa sababu redio hizo hazisikilizani hata zikiwa meza moja.

Kebo inahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko redio yenyewe. Chukua redio ya wati 25 na kebo ya mita 30 kutoka mezani hadi juu ya mlingoti. Ukitumia RG-58, ile nyembamba ya unene wa milimita 5, kwenye 150 MHz zinafika juu wati 6 hivi. RG-213, ya milimita 10, inafikisha wati 13 au 14. Kwenye UHF ya 450 MHz hali ni mbaya zaidi: RG-58 inabakiza wati 2, RG-213 kama 8. Hasara hiyo hiyo inakula sauti unayopokea, na hapo hakuna wati za kuongeza. Kwa hiyo ukiwa na pesa za ziada, nunua kebo nene kabla ya redio kali.

Viungio vya kebo vinavyokaa nje vifungwe kwanza kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, kisha mkanda wa kawaida juu yake, kuanzia chini kwenda juu ili mvua iteleze. Maji yakiingia kwenye kebo mwezi wa Novemba, mtandao unadhoofika polepole, na watu wanalaumu redio. Pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) siku ya kufunga, andika namba ukutani, pima tena baada ya mvua za kwanza. Ikipita 2, usiendelee kurusha. Tafuta maji, kiungio kilicholegea au antena iliyopinda.

Ndani ya ambulansi, redio ya mkononi imezungukwa na bati. Antena ya sumaku katikati ya paa la gari, yenye urefu wa robo wimbi (sentimita 46 kwa 155 MHz), inabadilisha kila kitu.

Analogi au dijitali

Dijitali inayouzwa zaidi ni DMR. Ndani ya chaneli moja ya 12.5 kHz inabeba mazungumzo mawili kwa zamu za haraka, na kwa sababu redio inarusha nusu ya muda tu, batri inadumu zaidi. Sauti ni safi hadi ukingoni. Shida iko hapo hapo ukingoni: analogi inaanza kukwaruza, unajua unatoka, unasogea kidogo au unarudia maneno; DMR inakatika ghafla. Pia redio mbili za DMR zinahitaji kulingana kwenye rangi ya mfumo, zamu na namba ya kundi, pamoja na masafa. Kosa moja la programu, na watu wanabonyeza kitufe bila kusikiwa na yeyote.

Kwa dharura uzito uko kwenye kusikilizana na wengine: gari la zimamoto, mgodi jirani, shirika lililokuja na vyombo vyake. Lugha ambayo karibu wote wanaiweza ni analogi ya FM. Kama bajeti inaruhusu, nunua redio zinazofanya yote mawili, uweke DMR kwa kazi ya kila siku na angalau chaneli moja ya analogi, yenye jina linaloeleweka, kwa siku mbaya. Kama hairuhusu, nunua analogi nzuri bila kusikitika.

Toni za CTCSS, sauti ndogo inayorushwa pamoja na maneno ili kufungua redio za kundi lako tu, zinawachanganya wengi. Wanadhani zinawapa siri. Hazitoi siri yoyote. Zinanyamazisha tu wengine kwenye kipaza sauti chako. Na redio iliyowekewa toni ya kupokea haitamsikia mtu anayeita msaada bila toni hiyo, hata akiwa nyuma ya ukuta. Kwenye chaneli ya dharura, acha upande wa kupokea wazi.

Ripita, na chaneli inayoikwepa

Ripita juu ya jengo refu inapokea kwenye masafa moja na kurusha upya kwenye mengine, na tokiwoki ndogo zinasikilizana mji mzima. Inafaa, lakini ni chombo kimoja kinachobeba watu wote: batri yake ikiisha, wote wanakuwa mabubu. Kila redio iwe na chaneli ya pili ya moja kwa moja, bila ripita, na kila dereva ajue kuigeuzia bila kutazama. Mfundishe pia kubonyeza, kungoja sekunde moja, ndipo aseme. Ripita inachelewa kuamka, na neno la kwanza, ambalo mara nyingi ni jina la anayeitwa, linamezwa.

Vitu viwili vya kuangalia dukani

Cha kwanza ni redio za mkononi za bei ya chini, kama Baofeng UV-5R na ndugu zake, zinazopatikana chini ya dola 50. Zinafanya kazi. Kwa kujifunzia na kusikiliza ni nzuri. Ila nyingi zinamruhusu mtumiaji kupiga masafa yoyote kwa vidole vyake, na hilo ndilo linaloleta matatizo na wenye sheria: mlinzi anabonyeza namba, anajikuta juu ya masafa ya mgodi au ya polisi. Baadhi zinarusha pia mawimbi machafu nje ya masafa yao. Kama ndizo unazoweza kununua, ziprogramiwe kwa kompyuta, masafa ya leseni tu, kisha kibodi ifungwe. Mavumbi ya kiangazi na mvua za masika vinaingia kwenye matundu yake. Redio za kazi zenye alama ya IP67 zinavumilia vyote viwili, kwa bei ya dola mia kadhaa.

Cha pili ni hatari zaidi kwa sababu kinapendeza: redio yenye kitufe cha kusemea na laini ya simu ndani yake, inayouzwa kwa ahadi ya umbali usio na mwisho. Inatumia mtandao wa simu. Kwa walinzi na madereva siku za kawaida haina ubaya. Kama akiba ya dharura haina maana, maana itanyamaza pamoja na simu yako. Fungua kifuniko cha batri: ukiona sehemu ya kuweka laini, uliza upya.

Foni

Vijiji na misioni za Katanga vimeishi na foni kwa miaka mingi, na bado haina mpinzani kwa umbali wa Kolwezi, Kasenga au Kilwa pasipo mnara katikati. Inatumia HF, kati ya 3 na 30 MHz. Kwa umbali wa hadi kilomita 400 hivi, mawimbi yanarushwa karibu wima, yanagonga tabaka la juu la hewa na kurudi chini kama maji ya bomba lililoelekezwa angani. Milima na misitu ya katikati havihusiki tena.

Antena yake ni waya mbili zilizolala, juu mita 6 hadi 10 tu. Wengi wanainua fimbo ndefu ya wima, halafu wanashangaa kusikia Ulaya na kutosikia Kolwezi. Fimbo inapeleka mawimbi mbali na kuacha kimya katikati. Urefu wa waya zote mbili kwa pamoja, kwa mita, ni 143 ukigawanya kwa MHz. Kwa mfano wa hesabu tu, 6.8 MHz inahitaji mita 21, yaani 10.5 kila upande, 4.5 MHz inahitaji 31.8, yaani 15.9 kila upande.

Mfano huo una namba mbili kwa makusudi. Mchana masafa ya chini yanamezwa, na yale ya 6 hadi 8 MHz yanafanya kazi vizuri; usiku tabaka la hewa linapungua nguvu na unashuka kwenye 3 hadi 5 MHz. Anayeomba leseni ya masafa moja ya HF atakuwa na foni ya nusu siku. Omba mawili angalau, moja la mchana na moja la usiku, na ukiweza la tatu la katikati kwa saa za magharibi na alfajiri. Msimu wa mvua, radi za mbali zinajaza masafa ya usiku kwa mikwaruzo. Panga ujumbe mzito upite asubuhi.

Adui mwingine yuko ndani ya nyumba. Inveta za bei rahisi, chaja za sola na taa za LED zinatoa kelele inayofunika HF. Ili kuipata, washa foni kwa batri pekee, kisha washa kifaa kimoja kimoja na usikilize. Kinachokwaruza kihamishwe, kizimwe saa za foni au kibadilishwe.

Seti mpya ya foni ni maelfu ya dola, na inahitaji mtu aliyefundishwa. Hakuna haja ya kuiacha wazi siku nzima. Weka saa za kuitana, kwa mfano saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, dakika 20 kila mara, na wote wawe na saa zilizolinganishwa.

Satelaiti, kwa kifupi

Simu ya satelaiti ya Iridium inafika popote na haihitaji mlingoti. Inafaa kama chombo cha mkuu mmoja kuzungumza na Kinshasa au nje. Haifai kuita ambulansi mbili kwa pamoja, kwa kuwa inapiga kwa mtu mmoja, nje ya nyumba, na vocha yake ikipita muda unagundua siku ya shida. Starlink, iliyopata leseni ya Kongo mwaka 2025, inaleta intaneti bila mnara, lakini inakula makumi ya wati saa zote. Iweke kwenye hesabu ya umeme kabla ya kuitegemea.

Umeme: hesabu ya siku tatu

Redio ya kituo ya wati 25 inakula takriban ampea 0.4 ikisikiliza, 1 ikitoa sauti, 6 ikirusha. Kwa siku ya kawaida, ambapo inarusha asilimia 5 ya muda na kupokea sauti asilimia 5, wastani ni ampea 0.7, yaani 17 Ah (ampea-saa) kwa saa 24. Siku tatu ni 51 Ah. Batri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya 100 Ah, ya aina ya sola. Ya gari itachakaa upesi. Paneli ya wati 100 katika siku ya mawingu yenye jua zuri la saa 4 inarudisha kama 23 Ah, inatosha kwa kituo kimoja. Foni ikiachwa wazi saa 24 inakula zaidi ya 25 Ah, nayo inataka nyaya nene: ikirusha kwa kilele inavuta ampea 20, na waya mwembamba unashusha volti hadi redio inajizima katikati ya neno.

Usipitishe redio ya 12 V kwenye inveta na kisha adapta. Unapoteza nguvu mara mbili na kuongeza kelele. Unganisha moja kwa moja kwenye batri, na fyuzi karibu na batri kwenye waya chanya.

Kwa redio za mkononi, batri mbili kila redio, na zile zisizotumika zihifadhiwe zikiwa karibu nusu. Zinazokaa miezi kwenye chaja zinaonyesha taa ya kijani na kuzima baada ya dakika kumi za kazi.

Mlingoti uwe na waya wa ardhi unaokwenda kwenye vijiti vya shaba vilivyozikwa, zaidi ya kimoja na vilivyounganishwa pamoja, kwa sababu udongo wetu ukikauka mwezi wa Agosti haupitishi umeme vizuri. Kinga ya radi ikae pale kebo inapoingia nyumbani. Na kama kituo kiko upande wa Luano, uliza mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu kimo kabla ya kusimamisha chuma.

Leseni: kabla ya kununua

Sheria inayotawala ni namba 20/017 ya 25 Novemba 2020, na anayegawa masafa ni ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Mtandao binafsi wa redio unahitaji vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: ruhusa ya kuuendesha, masafa uliyopewa kwa jina lako, na homologasioni, yaani kibali cha aina ya chombo. Alama ya CE au FCC kwenye boksi ni ya nchi nyingine. Vivyo hivyo tokiwoki za PMR446 (446.0–446.2 MHz, nusu wati) zinazotumika bila leseni Ulaya, na zile za FRS za Marekani kwenye 462 na 467 MHz: uhuru huo haukuvuka mpaka pamoja nazo. Uliza ARPTC kwa maandishi kabla ya kuziwasha.

Ndiyo maana karatasi zinatangulia. Ukinunua redio za UHF kisha ukapewa masafa ya VHF, umenunua vyuma. Andaa faili hivi: barua inayoeleza kazi ya mtandao, RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa) na namba ya kodi kwa kampuni, au katiba na hati ya utu wa kisheria kwa asbl (shirika lisilo la faida). Orodha ya vituo, kila kimoja na namba zake za GPS, kimo cha antena, wati na idadi ya redio za gari na za mkononi. Karatasi za kiufundi za chombo unachokusudia. Taja aina ya urushaji kwa alama zake, maana faili isiyo nazo inarudi: 11K0F3E kwa analogi ya 12.5 kHz, 7K60FXE kwa sauti ya DMR, 2K80J3E kwa foni. Kwa ripita unaomba masafa mawili, na la tatu kwa chaneli ya moja kwa moja. Wengi wanalisahau hili la tatu. Kliniki yetu inagusa Haut-Katanga na Lualaba, kwa hiyo kituo cha Kolwezi kiandikwe tangu mwanzo, si kuongezwa kimyakimya baadaye.

Malipo yafanyike benki kwa hati iliyoandikwa, na risiti zitunzwe. Ada ya masafa inarudi kila mwaka, basi iingie kwenye bajeti na si kwenye kumbukumbu ya mtu. Mzigo unaotoka nje upite DGDA (forodha) ukiwa na ruhusa mkononi, maana redio zilizofika kabla ya karatasi zinakaa ghalani na gharama zinapanda kila siku. Nakala ya leseni, pamoja na namba ya kiwandani ya kila redio, ikae katika kila gari. Kwenye kizuizi cha barabarani, redio bila karatasi inamfanya dereva aonekane mpelelezi, na ambulansi inasimama. Dereva anayevuka Kasumbalesa aiache redio upande huu: upande wa pili mwenye mamlaka ya mawasiliano ni ZICTA ya Zambia, na leseni ya Kongo haina nguvu huko.

Redio ya maamatua, yaani watu wanaorusha kwa kupenda na si kwa biashara, ni njia tofauti. Leseni ni ya mtu, si ya kampuni. Alama za wito za Kongo zinaanza na 9Q. Masafa ni kama 144–146 na 430–440 MHz, na HF yake. Kazi ya biashara hairuhusiwi. Lakini mwenye leseni hiyo mtaani ni hazina, kwa kuwa amejifunza antena kwa vitendo, na kwenye maafa makubwa maamatua wa Afrika na Ulaya wanakutana karibu na 3.760, 7.110 na 14.300 MHz.

Basi nani achukue nini

Shule au parokia ya kiwanja kimoja: UHF nne hadi sita za analogi, masafa moja ya moja kwa moja, bila ripita. Kampuni yenye magari mjini: VHF, kituo chenye mlingoti wa mita 15 na RG-213, redio za wati 25 garini. Kliniki ya mfano wetu: VHF kwa Kampemba, ambulansi na Kipushi, na foni kwa Kolwezi, kila moja na batri yake. Kama pesa zinatosha kimoja tu, VHF itangulie, kwa sababu ambulansi inaitwa kila siku na ghala mara moja kwa juma. Mwenye kazi Kilwa au Kasenga aanze na foni.

Siku fundi anapokabidhi, chukua kwake pia waya wa kuprogramia, faili ya programu ya kila aina ya redio, na neno la siri aliloweka. Fundi akihama mji na vitu hivyo, mabadiliko madogo ya masafa kutoka ARPTC yatakulazimu kuanza upya na redio zote. Kila Jumatatu saa moja asubuhi zima SNEL kwenye chumba cha redio, ita vituo vyote kwa batri, kwanza kwa ripita kama ipo, kisha moja kwa moja, na mwandike kwenye daftari nani amesikika, nani hakusikika, na volti za batri wakati wa kurusha. Ikishuka chini ya 11.5 wakati huo, batri ibadilishwe juma hilo hilo.